Keria ya Baiskeli Nyuma ya Karavani: Majibu kwa Wasomaji Watatu

SWALI: Kwako Fundi, pokea salamu nyingi kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana nilinunua karavani kuukuu iliyoundwa Uingereza, yenye ekseli moja, na mimi na mke wangu tumeikarabati taratibu hadi imekuwa nyumba ndogo ya kupendeza. Likizo ya Agosti tunataka kuivuta hadi Msitu wa Kakamega kwa kupitia Eldoret, pamoja na watoto wetu wawili na baiskeli zetu nne. Nyuma ya pikapu yetu patajaa mizigo, kwa hiyo baiskeli hazitaingia humo. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu amesema atachomelea mabomba mawili kwenye bampa la karavani, lile la chuma cha mraba ambalo mmiliki wa kwanza aliliongeza kwenye ncha za chasisi, na kazi itaisha kabla ya adhuhuri. Nimelikanyaga bampa hilo, nikarukaruka juu yake, wala halikutikisika. Je, nimruhusu? Na kama sivyo, nijenge vipi? Karavani ikiwa na mizigo yote ina kilo 1,000, na kwenye kiungo cha kuvutia ina kilo 70. (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Mwalimu, usimruhusu. Sisemi hivyo kwa kuwa fundi wako hajui kuchomelea. Huenda mshono wake ni mzuri kuliko wangu. Nasema hivyo kwa sababu bampa si mahali pa kubebea mzigo unaoning'inia. Uliporuka juu yake, uzito wako ulishuka moja kwa moja katikati ya chuma, na chuma hicho kilikuwa na kazi moja tu ya kukubeba. Baiskeli hazikai juu ya bampa. Hukaa nyuma yake, kiasi cha nusu mita, na kutoka huko hulisokota kama mtu anayekamua shuka lililoloa. Kinachopokea msokoto huo ni ile mishono miwili mifupi inayoliunganisha bampa na chasisi, na mishono hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Hata karavani za Marekani, ambazo nyingi hutoka kiwandani na bampa la mraba la inchi 4, zina bampa lenye kuta nyembamba ambalo wenyewe hulitumia kuhifadhia mpira wa maji taka, na watu wengi waliotundika baiskeli hapo wamelipoteza bampa pamoja na baiskeli zao njiani.

Najua jambo hili kwa mwili wangu. Miaka mingi iliyopita nilitundika baiskeli tatu kwenye bampa la trela, kwa mabomba yaliyochomelewa vizuri sana. Tulipokuwa tukiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu akaanza kutuwashia taa bila kukoma. Nilipoegesha na kwenda nyuma, nilikuta upande mmoja wa bampa umeng'oka na baiskeli ya binti yangu inaburura gurudumu barabarani. Sikuwa nimeiona dalili, ingawa ilikuwepo tangu tulipolala Kericho. Kandokando ya mshono palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi la kahawia, mwembamba kama uzi wa kushonea, ambao nilidhani ni matope yaliyokauka. Mstari huo ndio ufa wenyewe unapoanza kupumua: chuma kinasuguana na chuma, kutu inasagwa na kutoka nje. Tangu siku hiyo, kila ninaposimama kujaza mafuta hupitisha kitambaa kwenye mishono yote, na nikirudi kituo kinachofuata huangalia kama vumbi limerejea.

Kabla ya kununua chuma, hata hivyo, kuna hesabu ambayo wengi huiruka, na kwangu mimi ndiyo iliyo nzito zaidi katika barua yako. Karavani ya ekseli moja ni mizani. Kila kilo unayoweka nyuma ya ekseli huinua pua, yaani hupunguza uzito unaokaa kwenye kiungo cha kuvutia, na pua inapokuwa nyepesi mno karavani huanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Kuyumba huko huanza kwa upole, mara nyingi kwenye mteremko au lori linapokupita, na kukishakua dereva hana la kufanya isipokuwa kuachia mafuta taratibu na kuomba barabara iwe tupu. Karavani za Uingereza kwa kawaida huvutwa zikiwa na asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake kwenye pua, na zile za Marekani asilimia 10 hadi 15. Wewe una kilo 70 katika kilo 1,000, na hapo uko salama.

Sasa tuweke baiskeli zako nne. Nakadiria mbili za watu wazima kuwa kilo 16 kila moja na mbili za watoto kilo 12 kila moja, jumla kilo 56, pamoja na keria ya kilo 24, na mzigo wote huo wa kilo 80 ukae mita 2.7 nyuma ya ekseli. Ikiwa kutoka ekseli hadi kiungo ni mita 4, unazidisha 80 kwa 2.7 na kugawanya kwa 4, nawe unapata kilo 54 zilizoondolewa kwenye pua. Ongeza boriti za kuishikilia keria chini ya chasisi, ambazo zitakuwa na kilo 21 hivi katika umbali wa mita 1.9, nazo zinaondoa nyingine 10. Pua yako ya kilo 70 imebaki na kilo 6, na mtoto wa chekechea anaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Karavani ya namna hiyo isiteremke kutoka Timboroa ikiwa na watoto wako kwenye gari linaloivuta.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba baiskeli mbili za watoto ndizo zikae nyuma, na zile mbili za wakubwa zilazwe ndani ya karavani, sakafuni, juu kabisa ya ekseli, zikiwa zimefungwa ndani ya blanketi na kukazwa kwenye miguu ya viti. Mzigo ulio juu ya ekseli hauinui pua wala hauishushi. Keria ya baiskeli mbili inaweza kutengenezwa kwa kilo 14, na pamoja na baiskeli inakuwa kilo 38, ambazo zitaondoa karibu kilo 26 kwenye pua; ukichanganya na zile 10 za boriti unabaki na kilo 34. Bado ni kidogo. Lakini ukihamisha gurudumu la akiba la kilo 18 kutoka mita 2 nyuma ya ekseli hadi mita 2 mbele yake, na mtungi wa maji wa lita 20 kutoka mita 1.5 nyuma hadi mita 2.5 mbele, unarudisha kilo 38, na pua inakuwa na kilo 72. Karavani nzima sasa ina kilo 1,091, kwa hiyo angalia kibati cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi hubandikwa karibu na mlango, uone kama uzito huo umeruhusiwa. Kama haukuruhusiwa, punguza mizigo mpaka utoshee.

Usiniamini mimi wala hesabu ya karatasi, pima. Panga mizigo yote kama siku ya safari, simamisha karavani mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha kata kipande cha mti ambacho, kikisimama juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, kitaifikisha pua kwenye kimo kilekile cha kiungo cha gari lako. Shusha pua juu ya mti huo, si gurudumu dogo la mbele, kwa sababu gurudumu hilo liko nyuma kidogo ya kiungo na litakupa jibu lililozidi. Baiskeli ni rahisi zaidi kuzipima: jipime ukiwa umeibeba, jipime bila kuibeba, kisha toa.

Ukishajua uzito, tunakuja kwenye chuma. Keria inapaswa kushikwa na chasisi, tena katika sehemu mbili. Tafuta ile mihimili miwili mirefu inayopita chini ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma. Chukua bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3, ulikate vipande viwili vinavyotoka mhimili mmoja hadi mwingine. Kimoja kikae karibu na ncha ya nyuma na cha pili sentimita 60 mbele yake. Chini ya boriti hizo mbili, katikati, pitisha bomba la kupokea la milimita 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 4, urefu wa sentimita 70. Keria itakuwa na mkono wa milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 4, unaoingia ndani ya bomba hilo.

Nguvu hufanya kazi hivi. Barabara ikiwa na matuta, na ya kwenu inayo, mkia wa karavani hupanda kisha huanguka, na kwa nukta hiyo moja kilo 38 huvuta kama kilo 114; mimi huhesabu mara tatu na sijawahi kujutia. Kilo hizo zikiwa nusu mita nyuma ya boriti ya nyuma, ncha ya mbele ya bomba la kupokea inataka kupanda, inaisukuma boriti ya mbele kwenda juu kwa kilo 95. Boriti ya nyuma inavutwa kwenda chini kwa jumla ya zote mbili, kilo 209. Ndiyo maana bolti zilizo bora kuliko zote ziwekwe nyuma. Nenda dukani uangalie kichwa cha bolti: kama kimegongwa 8.8, hiyo ni bolti ya kazi. Kikiwa kitupu au kimegongwa 4.6, iache kwa mlango wa kuku. Kwa kazi hii bolti za milimita 12 zinatosha, zikiwa na washa pana na nati zile zenye nailoni ndani, ambazo hazifunguki kwa mtikisiko.

Je, boriti zitashikwaje na chasisi? Kama karavani yako ina chasisi ya zamani ya chuma kizito kilichopakwa rangi, unaweza kutoboa ubavu wa mhimili, pale katikati ya kimo chake, kamwe si mdomo wa chini wala wa juu. Lakini kama ni chasisi nyepesi yenye rangi ya kijivu ya zinki, usitoboe na usichomelee kitu chochote. Chuma chake ni chembamba, nguvu yake iko katika umbo lake, na watengenezaji wa chasisi za namna hiyo huikataza kazi hiyo. Hapo tumia mabamba ya milimita 8, moja juu ya mhimili na moja chini, na bolti zipite nje ya mhimili pande zote mbili kama watu wawili waliokumbatia gogo. Katikati ya mabamba, kwenye kila bolti, vika kipande cha bomba chenye urefu unaopungua kimo cha mhimili kwa milimita 1, ili unapokaza, nguvu ya mwisho iishie kwenye vipande hivyo badala ya kuubonyeza mhimili.

Fundi wako ana kazi hapa, tena kazi kubwa, ila aifanyie chini, mbali na karavani. Sakafu ya mbao imekalia chasisi moja kwa moja, na cheche moja iliyojificha kati ya mbao na sponji ya kuzuia baridi inaweza kufuka moshi saa nzima kabla ya mtu kuiona. Achomelee bomba la kupokea kwenye boriti zote mbili pande zote nne, kisha mfunge kwa bolti. Kama mnatumia chuma chenye zinki, aikwangue kwa grainda hadi aone chuma kinachong'aa, angalau sentimita 3 kila upande wa mshono, na achomelee mahali penye upepo, kwa sababu moshi mweupe wa zinki humletea mtu homa na kutetemeka usiku uleule. Mafundi wetu wengi hunywa maziwa wakiamini yanaondoa moshi huo. Maziwa hushuka tumboni, na moshi umeingia kifuani.

Kuna dosari moja ndogo utakayokutana nayo. Bomba la 60 lenye ukuta wa 4 lina nafasi ya ndani ya milimita 52, lakini ndani yake, upande mmoja, kuna mshono wa kiwandani uliotokeza kama mshipa, nao utaukwamisha mkono wa keria. Usiupige nyundo mkono uingie. Chukua tupa ndefu bapa uusage mshono huo taratibu, ukijaribu kila mara, mpaka mkono uteleze wenyewe. Toboa tundu la milimita 16 lipite mabomba yote mawili kwa ajili ya pini yenye klipu. Kwa kuwa bado kutakuwa na uwazi wa milimita 2, ambao barabarani utageuka kuwa nyundo, chomelea nati ubavuni mwa bomba la kupokea na upitishe bolti ya kuubana mkono usicheze.

Siku ya safari, ukifika Salgaa, simama. Kaza nati zote, pitisha kitambaa kwenye mishono, tikisa keria kwa mikono miwili. Fanya hivyo tena Mau Summit.

SWALI: Hujambo Fundi. Kijana wangu ametengeneza keria ya bolti nyuma ya trela yetu ya kulala, nayo inashika vizuri. Tatizo ni kwamba tukipanda kutoka barabarani kuingia uwanjani kwetu magurudumu ya baiskeli hugusa chini, na juzi askari wa barabarani ametuonya kwamba taa na namba hazionekani. Pia nahofia kutu kwa sababu tunakaa karibu na ziwa. (Mama Watatu, Kisumu)

JIBU: Mama, askari alikuwa na haki, na ni heri alionya. Baiskeli mbili zikitundikwa hufunika taa zote mbili na ile namba yenye kuanzia na Z, na dereva anayekufuata usiku haoni kama unafunga breki. Mwambie kijana achukue ubao mwembamba au bati, afunge juu yake taa za breki, za kuashiria kona na za namba, namba yenyewe, na viakisi viwili vyekundu, kisha aufunge ubao huo kwenye keria yenyewe, nyuma ya baiskeli ya mwisho, si kwenye baiskeli. Waya uunganishwe na ule wa trela kwa plagi yake, ili keria ikitolewa ubao utoke nayo.

Kuhusu kugusa chini, pima kutoka ekseli hadi gurudumu la baiskeli lililo nyuma kabisa. Ikiwa ni mita 3 na gurudumu liko sentimita 45 juu ya ardhi, litagusa kila mahali panapoinuka zaidi ya sentimita 15 kwa kila mita, na malango mengi ya mijini kwetu yana mwinuko huo. Mkono wa keria uwe na shingo inayopanda ili magurudumu yafike sentimita 60. Asiipandishe kupita hapo, kwa maana baiskeli zikiwa juu sana huanza kulipiga dirisha la nyuma.

Ama kutu, maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo hupati shida wanayopata watu wa Mombasa. Kinachoozesha keria ni maji ya mvua yanayobaki ndani ya bomba lililozibwa. Atoboe tundu la milimita 8 upande wa chini wa kila bomba yapate kutoka, na asipake rangi ya juu kabla ya ile nyekundu ya kuzuia kutu kukauka kabisa.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafunga baiskeli kwenye keria kwa blada, kama waendesha bodaboda wanavyofunga mizigo. Baba anasema hazifai kwa safari ya mbali. Nani yuko sahihi? (Kijana, Bungoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yuko sahihi. Blada ni mpira wa tyubu, na uzuri wake wa kunyumbuka ndio ubaya wake hapa. Kila tuta huinyoosha kidogo, baiskeli inapata nafasi ya kuruka, na ikiruka inarudi kwa kishindo juu ya keria. Mzigo wa bodaboda una macho ya mwendeshaji yakiuangalia na mkono wake uko karibu. Baiskeli zako ziko nyuma ya karavani, ambako hata kioo cha gari hakifiki. Tumia mikanda ya kukaza yenye meno ya chuma, miwili kwa kila baiskeli, ikishika fremu na si magurudumu, na fundo la ziada mwishoni mwa kila mkanda ili ncha isipepee na kulegea. Kama ni Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ambayo huzidi kilo 20, weka mkanda wa tatu. Funga pia gurudumu la mbele lisizunguke kwa upepo, na ondoa pampu, chupa na kengele iliyolegea.

Blada zako usizitupe. Zizungushe kwenye mikono ya keria mahali fremu inapokalia, tabaka mbili au tatu, ukianzia chini kwenda juu ili maji yasiingie kati ya mizunguko. Hapo rangi ya baiskeli haitachubuka, na chuma hakitalia njia nzima.